JIKONI: Divai, Tembo na Dafu Mbele ya Samaki

Samaki anapotolewa motoni, kitu cha kwanza anachokitafuta mpishi wa pwani ni ndimu. Ukali wake hukata shombo na mafuta, na ulimi ukapata hamu ya tonge la pili. Waitalia, ambao nao wamezungukwa na bahari, huifanya kazi hiyo kwa divai nyeupe.

Mojawapo ni Soave, itengenezwayo katika vilima vilivyo mashariki ya mji wa Verona kwa zabibu ziitwazo Garganega. Ni divai nyepesi, isiyo tamu, yenye ukali kidogo kama wa ndimu, na aghalabu hunywewa ingali changa. Huandaliwa ikiwa baridi, kiasi cha digrii 8 hadi 10. Hupatana na samaki wa kuchoma aliyetiwa chumvi tu, kamba, ngisi na chaza. Haipatani na mchuzi wa pilipili nyingi, kwa sababu kileo huuzidisha moto wa pilipili mdomoni.

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, toka Mocímboa da Praia hadi Palma na Quionga, jina la Italia si geni. Novemba 2022 shehena ya kwanza ya gesi iliondoka katika mtambo wa Coral Sul, uelekeao juu ya bahari hiyo na kuendeshwa na kampuni ya Eni ya Italia. Hata hivyo, divai ya nchi hiyo haimo katika vikapu vya kina mama wa pwani. Wengi wao ni Waislamu, na kwao shauri la kileo lilikwisha kukatwa zamani. Kinywaji cha nyumbani hutoka mnazini, nacho ni dafu au tembo, ambalo Msumbiji huitwa sura.

Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni. Kwa kotama yake hukata kipande chembamba katika ncha ya kole la maua ambalo halijafunguka, kisha hutundika chombo cha kukingia utomvu. Tembo likishushwa tu huwa tamu. Baada ya saa chache huchacha na kuwa kileo, na likilala hugeuka siki. Kwa hiyo ubichi wa tembo huhesabiwa kwa saa, wala si kwa miaka kama divai. Siki hiyo nayo haitupwi: hufaa kwa achari ya maembe na kwa kulowekea samaki kabla ya kukaangwa.

Mlo wa pwani hiyo hutaka kinywaji kwa jinsi ulivyopikwa. Kolekole wa kuchoma atosheka na ndimu na maji baridi. Pweza wa nazi na samaki wa kupaka, penye pilipili, hutaka utamu wa kutuliza ulimi, na hapo dafu halina mpinzani. Matapa, yaani kisamvu kilichopikwa kwa karanga na nazi, ni chakula kizito. Dafu hukifaa, na achari kando yake hukipunguzia uzito.

Lakini tembo lina gharama isiyoonekana katika kibuyu. Kole lililogemwa halizai nazi. Mnazi hutoa kole jipya karibu kila mwezi, na nazi huchukua mwaka mzima hivi kukomaa. Mnazi ukigemwa makole yake yote, mwenye nyumba atakuwa amekunywa tui la mwaka ujao. Hata akiacha kugema leo, atangoja mwaka mwingine kabla ya kukuna nazi yake mwenyewe.

Jambo hilo ni zito zaidi kwa jamaa waliorudi makwao. Mapigano yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na shambulio la Palma la Machi 2021, yaliwafanya watu wengi waiache minazi yao. Mnazi mrefu wa kienyeji huchukua miaka 6 hadi 10 tangu kupandwa hata kuzaa. Aliyekuta mitatu imesimama amekuta akiba. Akigema mmoja apate fedha za sokoni, yafaa miwili aiachie watoto, kwa tui na kwa madafu.

Kwa askari aliye zamu hakuna la kuchagua: divai na tembo ni vya siku ya mapumziko, kwa anayevitumia, na tena kwa kiasi. Dafu halina sharti la saa wala la dini. Alirudipo nyumbani jioni na kukuta samaki, ndimu iliyokatwa na dafu lililochongwa, hana haja ya kuwaonea wivu watu wa Verona.