Nyumba Njema si Mlango

Mwana wa mbuzi husimama siku ile ile aliyozaliwa, akamfuata mamaye malishoni. Mwana wa mtu hana budi kubebwa karibu mwaka mzima kabla hajapiga hatua ya kwanza, na hana budi kuongozwa miaka mingi zaidi kabla hajaweza kujiongoza. Kwa sababu hiyo wazee wetu walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mwenye kulifikiri neno hili ataona kuwa limewapambanua watu wawili ambao sisi huwachanganya daima: mzazi na mlezi. Mara nyingi wawili hao huwa mtu mmoja. Lakini pengine kifo, maradhi, ufukara, kifungo au ukatili huwatenga, mtoto akabaki na mzazi asiyeweza kulea, au asiwe na mzazi kabisa. Swali la insha hii ni moja: mtoto huyo alale wapi usiku wa leo?

Jawabu nitakalolitetea ni hili: alale katika nyumba ya watu, chini ya mlezi amjuaye kwa jina, karibu na mahali alipozaliwa, na kwa idhini ya sheria. Asilale katika bweni la watoto mia, ila kwa dharura. Wala asilale jikoni mwa tajiri kwa jina la wema. Jawabu hili lina wapinzani wa namna tatu katika mji wetu wa Mombasa, na wote watatu ni watu wa heshima. Kwa kuwa ni watu wa heshima, yafaa wajibiwe kwa hoja, si kwa matusi.

Mpinzani wa kwanza ni mtoa sadaka. Kila mwezi wa Ramadhani, na kila Krismasi, magari hupakiwa mchele, mafuta na nguo, yakavuka daraja la Nyali au kivuko cha Likoni kwenda kwenye makao ya watoto. Watoto hupangwa mstari, huimba, hupigwa picha pamoja na wageni, kisha wageni hurudi kwao na mioyo myepesi. Mtu huyu husema, "Kwa nini mnayapinga makao? Mle watoto wanakula, wanavaa na wanasoma."

Simpingi kwa mchele wake. Nampinga kwa kudhani kuwa mchele ndio malezi. Bweni laweza kumlisha mtoto, lakini haliwezi kumwamkia usiku akiota ndoto mbaya, kwa kuwa mlezi mmoja ana watoto wengi na zamu yake ina mwisho. Jambo hili limepimwa. Kuanzia mwaka 2000, wataalamu watatu kutoka Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, waliwachunguza watoto 136 waliokuwa katika makao ya mji wa Bucharest, nchini Romania, wote wachanga wasiotimiza miaka mitatu. Kwa kura, nusu yao walipelekwa katika nyumba za walezi, na nusu wakaendelea na malezi ya makao. Miaka michache baadaye, waliolelewa nyumbani waliwapita wenzao kwa akili, na waliohamishwa kabla ya kutimia miaka miwili ndio waliofaidi zaidi. Basi kila mwezi anaokaa bwenini mtoto mchanga ni deni, na deni hilo halilipwi kwa gunia la mchele.

Wala bweni si desturi yetu ya asili. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza walianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa chetu upande wa bara, wakawaweka humo watu waliokombolewa katika majahazi ya watumwa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Watoto wale walitekwa mbali, wengine hawakujua hata jina la kijiji chao, wala hapakuwa na jamaa wa kurudishiwa. Makao yale yalikuwa na udhuru. Je, sisi tuna udhuru gani? Wengi wa watoto walio katika makao duniani leo wana mzazi mmoja aliye hai, au shangazi, au bibi. Rwanda, nchi iliyopata yatima wengi kupindukia baada ya mwaka 1994, iliamua mwaka 2012 kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia. Kenya nayo ilitangaza mwaka 2022 mpango wa miaka 10 wenye shabaha hiyo hiyo. Ikiwa mtoa sadaka anataka thawabu, na amlipie bibi wa Kwale au wa Kilifi kodi ya nyumba, ili mjukuu asiende bwenini kwa sababu ya umaskini peke yake. Umaskini si kosa, na haifai mtoto kutengwa na bibi yake kwa jambo lisilo kosa.

Mpinzani wa pili ni mlezi wa gizani. Huyu huenda shamba, akakutana na wazazi mafukara, akasema, "Nipeni binti huyu, nitamlea kama wangu, nitamsomesha Mombasa." Wazazi hushukuru. Binti hufika mjini akakabidhiwa ufagio, ndoo na mtoto mchanga wa nyumba. Hupewa chakula cha mwisho na godoro la mwisho. Sisi walimu humjua darasani, kama akibahatika kufika: huja kengele imekwisha kulia, husinzia saa ya hesabu, na viganja vyake ni vya mtu mzima. Ukimuuliza anaishi na nani, hujibu, "Kwa shangazi," na wala si shangazi yake.

Msomaji asinielewe vibaya. Desturi ya pwani ya kumpeleka mtoto kwa ndugu, alelewe na khalati au na nyanya, ni hazina, na wengi wa wakubwa wa mji huu walilelewa hivyo. Ninalolishutumu ni kuitumia hazina hiyo kama kifuniko cha utumwa. Kuna kipimo chepesi. Watazame mtoto wa nyumba na mtoto wa kulelewa saa mbili tu za siku: saa ya kula na saa ya kwenda shule. Wakiwa sawa saa hizo, huyo ni mlezi. Wakitofautiana, huyo ni mwajiri asiyelipa mshahara. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulelewa na kulindwa, inamkinga na kazi za kumnyonya, na inaamuru kwamba katika kila jambo linalomhusu maslahi yake yatangulie.

Mpinzani wa tatu husema kwamba dini imekataza. Katika mitaa ya Kibokoni na Kuze utaisikia hoja hii mara nyingi kuliko nyingine zote: "Uislamu hauruhusu kumfanya mtoto wa mtu kuwa wako, basi tusijitie katika mambo hayo." Sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli, sehemu ya pili haifuati. Kilichokatazwa ni kumvua mtoto nasaba yake, akaitwa kwa jina la asiyekuwa babake, na mirathi ikachanganywa. Kulea hakukukatazwa hata kidogo. Mtume mwenyewe alikuwa yatima, akalelewa na babu yake Abdul Muttalib, kisha na ami yake Abu Talib. Atakayesema kulea yatima ni kinyume cha dini na aanze kuifuta habari hiyo kwanza.

Hapa yatupasa kupambanua mambo matatu. Kuasili ni kumfanya mtoto kuwa wako daima, kwa amri ya mahakama. Malezi ya kambo, kama yaitwavyo katika lugha ya sheria, ni kumlea mtoto kwa muda uliowekwa, naye akabaki chini ya uangalizi wa serikali, mpaka aweze kurudi kwa wazazi wake au apatiwe makazi ya kudumu. Kafala ni malezi ya Kiislamu: mtoto hukaa nawe, hula nawe, husoma kwa gharama yako, lakini jina la babake halibadiliki. Hakurithi kwa haki ya nasaba, ila waweza kumpa zawadi ungali hai, au kumwandikia wasia usiozidi theluthi ya mali. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unaitaja kafala kwa jina, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeiingiza katika njia halali za kulea. Limebaki suala la umaharimu, kwamba mtoto wa kulelewa akishabalehe hukaaje na wasio ndugu zake. Ni suala la kweli, na watu wa pwani wanalijua jawabu lake tangu zamani: mtoto aliyenyonyeshwa na mama wa nyumba kwa masharti ya fiqhi, kabla ya kutimia miaka miwili, huwa ndugu wa kunyonya, na asiyenyonya, adabu za nyumba na mpango wa vyumba humtosha. Taabu ya pazia haitoshi kuwa sababu ya kumwacha mtoto barabarani.

Baada ya hao watatu yupo mwingine ambaye simwiti mpinzani, kwa kuwa moyo wake uko pamoja nasi. Yeye husema, "Niko tayari kulea. Lakini kwa nini afisa aje kuikagua nyumba yangu na kuniuliza maradhi yangu, na kwa nini nitakiwe hati ya polisi? Mimi ni mtu mwema, mji mzima unanijua."

Mjibu hivi. Pita Ndia Kuu uitazame milango ya nakshi iliyochongwa na mafundi wa zamani. Je, waweza kujua kwa nakshi ile kama walio ndani wanapendana au wanapigana? Nyumba njema si mlango. Sheria haikuuliza kwa sababu inakudhania mwovu. Inakuuliza kwa sababu mwovu naye huja na sura ya wema, na mtoto hawezi kuwapambanua. Mwema hapotezi kitu kwa kuulizwa. Tena karatasi ile humlinda mlezi: siku jamaa wa mbali atakapozuka kumdai mtoto kwa ugomvi, asiye na karatasi hana pa kusimama. Basi anayetaka kulea katika kisiwa hiki na aanze katika ofisi ya watoto ya Mvita. Na anayemkuta mtoto ametupwa asimfiche kwa huruma. Na apeleke habari kituo cha polisi au ofisi hiyo, au apige simu nambari 116, ambayo hailipiwi.

Pamoja na ofisi hiyo, viko vyama vinavyoshughulika na watoto. Chama cha Ustawi wa Watoto cha Kenya kiliundwa mwaka 1955, na vingine vimezaliwa baadaye. Atakayekwenda kwenye chama chochote na akipime kabla hakijampima yeye. Na aulize: Mmesajiliwa na nani? Kabla ya kumtafutia mtoto mlezi, mliwatafuta jamaa zake kwa muda gani? Mtakuja kututazama mara ngapi baada ya kutukabidhi? Tukishindwa usiku wa manane, nani atatujibu? Mtailinda dini ya mtoto na lugha yake? Chama kitakachoudhika kwa maswali hayo kiache. Na chama kitakachokutaka utoe fedha ndipo upewe mtoto, usikiache tu, kakishitaki, kwa maana kinauza watu.

Na kama vyama viwili ni sawa kwa uaminifu, chagua kilicho karibu. Aliye karibu atakuja kwa miguu; aliye mbali atatuma barua. Zaidi ya hayo, mtoto aliyempoteza mama asipotezewe na mtaa. Akibaki na shule yake, chuo chake cha Kurani au kanisa lake, rafiki zake wa mpira na harufu ya bahari aliyoizoea, basi amebakiwa na nusu ya nyumba yake, na mlezi atamjengea nusu iliyobaki.

Imebaki hofu moja, nayo ndiyo kubwa kuliko zote: "Nitampenda, kisha atarudi kwao, nami nitalia." Ni kweli, utalia. Sina dawa ya hilo. Lakini uzipime huzuni mbili. Moja ni ya mtu mzima aliyempenda mtoto mwaka mzima akaagana naye. Nyingine ni ya mtoto ambaye hakupendwa na mtu mwaka huo mzima. Ya kwanza huumiza, ikapoa. Ya pili huingia katika mifupa ikakua naye. Kama ni lazima mmoja abebe mzigo, na abebe mwenye mabega mapana.

Nawe msomaji uliye shuleni, usiseme kwamba maneno haya ni ya wakubwa. Katika darasa lako yumkini amekaa mtoto anayelelewa na wasio wazazi wake. Usimwite mtoto wa kuokota. Usimuulize mbele za watu jina la babake. Ukimwona anasinzia kila siku na mikono yake imechubuka, mwambie mwalimu, kwa sababu yeye ataona haya kusema. Miaka 15 au 20 ijayo utakuwa na nyumba, kubwa au ndogo, na afisa wa watoto atakuwa anatafuta mlango wa kubisha. Mtoto atakayeletwa siku hiyo bado hajazaliwa. Wewe umekwisha kuzaliwa, na wakati wa kujiandaa unao.