Ukiulizwa umeongoza timu gani, wacha kuhesabu watu

Wasee, kuna swali moja linalomaliza madizaina kwenye intavyu za kampuni za teknolojia: "Tuambie kuhusu wakati uliongoza timu yenye watu wa idara tofauti." Mtu anakaa wima, anasafisha koo, halafu anaanza: "Niliongoza watu kumi na wawili, tukashirikiana vizuri sana, na kila mtu akafurahi." Hapo umeenda na maji. Manze, hakuna timu ya ukweli ambayo kila mtu alifurahi.

Mimi nasema hilo ni swali la mvutano. Dizaina anataka skrini iwe rahisi. Injinia anasema hiyo ni kazi ya miezi miwili. Mtu wa mauzo ashaahidi mteja itakuwa tayari Ijumaa, na wa sheria anataka fomu ya kurasa tatu. Anayekuuliza anataka kujua mlipovutana uamuzi ulifanyika aje, mliangalia nini, na ni kitu gani mlikubali kuacha.

Chukua M-Pesa, maana hiyo sote twaijua. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi mjini, Mathare na Thika. Lengo lilikuwa wateja wa Faulu Kenya walipe mikopo yao kwa simu. Mezani kulikuwa na Vodafone, Safaricom, Commercial Bank of Africa, Faulu yenyewe na watengenezaji programu wa Sagentia kutoka Uingereza. Hao wote hawaongei lugha moja ya kazi. Watu wengi walikuwa na simu za kawaida tu, kwa hivyo menyu ikawekwa kwenye laini yenyewe. Kuoanisha malipo na vitabu vya Faulu kukawa kichwa kuuma. Lakini walipoangalia watu wanafanya nini na huduma hiyo, wakaona wanatumiana pesa wao kwa wao. Ilipozinduliwa Machi 2007, mikopo iliwekwa kando na ujumbe ukawa mmoja: tuma pesa nyumbani.

Hiyo ndiyo sura ya jibu zuri. Tulipanga hivi, tukavutana hapa, tukaangalia watumiaji, tukaacha hiki, matokeo yakawa haya. Hata kama yako ilikuwa app ndogo ya kuagiza gesi mtaani, mpangilio ni ule ule.

Shida ya pili ni malezi. Sisi tumefunzwa kusema "tulifanya", kwa sababu anayesema "nilifanya" anaonekana ana majigambo. Kwenye intavyu, ukisema "tuli" mwanzo hadi mwisho, hakuna anayejua wewe ulikuwa wapi. Ukisema "nili" kila mahali, umeiba jasho la injinia wako, na akipigiwa simu atasema. Tenganisha: "Tulijenga pamoja. Mimi ndiye niliwaita watu wa huduma kwa wateja wakae na mainjinia, tukasikiza malalamiko kabla ya kuchora skrini yoyote." Sentensi mbili, na kila mtu amepata haki yake.

Na nyinyi mnaoajiri, mnisikize pia. Mimi niliacha chuo, lakini kila video yangu inapita kwa mpiga picha, mhariri, mtu wa sauti na mdhamini anayetaka nembo yake ikae kwa skrini dakika nzima. Kuna kina dada wameendesha kamati za harusi zenye mweka hazina mkali, mpishi na wazee wa pande mbili. Huko ni kuongoza bila cheo, na ndivyo dizaina huongoza, kwa sababu injinia si mfanyakazi wake wa kuamrishwa. Mkiendelea kuuliza "ulikuwa na watu wangapi chini yako", mtaajiri wenye vyeo na kuwapoteza wanaojua kusuluhisha.

Kama una intavyu wiki hii, chukua karatasi. Andika mvutano mmoja tu, nani alitaka nini, na wewe ulifanya nini Jumatatu asubuhi. Kama huna hata mmoja, tafuta timu kwanza, hata ya kamati ya harusi.