Ajali Ina Kinga: Mkanda wa Usalama na Kazi za Juu Jijini Kampala

Jiji la Kampala linakua kwenda juu. Kutoka Nakasero na Kololo hadi Ntinda, Najjera na Kyaliwajjala, majengo ya ghorofa yanainuka mahali palipokuwa na nyumba za chini au mashamba ya migomba. Ni jambo la kutia moyo, maana ghorofa hizo ni maduka, ofisi, shule na makao ya wananchi. Lakini kila ghorofa inayoongezeka humpandisha mtu fulani mita 3 zaidi kutoka ardhini. Mtu huyo ni fundi mwashi, mpaka rangi, mfunga vioo, mchomea vyuma au kibarua abebaye karai la zege. Swali ambalo makala hii yataka kulichunguza ni hili: mtu huyo akiteleza, ni kitu gani kilichowekwa tayari kumzuia asifike chini?

Yako majanga ya ujenzi ambayo taifa zima huyakumbuka. Septemba 1, 2004, hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, katika barabara ya Entebbe, iliporomoka na kuua watu 11. Mwaka 2008 udongo uliporomoka na kuwafukia wafanyakazi katika shimo la msingi wa jengo la Pension Towers, hapa hapa mjini. Matukio kama hayo huleta magari ya polisi, wapiga picha, viongozi na uchunguzi. Kuanguka kwa mtu mmoja hakuleti hayo. Kibarua akianguka kutoka ghorofa ya nne, hupakiwa katika gari lolote lililo karibu akapelekwa Mulago. Akifariki, wenzake huchanga fedha za jeneza na za safari ya kwenda kijijini kwao. Kesho yake mtu mwingine hupanda mahali pale pale, juu ya jukwaa lile lile. Vifo vya namna hii huja kimoja kimoja, na kwa sababu hiyo haviitwi janga.

Wazee walisema kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ina faraja yake matangani, lakini mahali pa kazi ni hatari kuitegemea, kwani humwondolea lawama yule aliyekuwa na uwezo wa kuzuia. Kuanguka ni jambo lenye sababu zinazojulikana, na kinga yake imekwisha kujulikana kwa muda mrefu.

MFANO WA WAVU

Ushahidi mmoja wapatikana Marekani. Daraja la Golden Gate la San Francisco lilijengwa kati ya mwaka 1933 na 1937, katika zama ambazo watu wengi waliamini kwamba daraja kubwa halijengwi bila kutoa roho za watu. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, aliagiza wavu mkubwa utandazwe chini ya daraja lote. Wavu huo uliwadaka watu 19 ambao bila shaka wangalifia baharini. Lakini Februari 17, 1937, jukwaa zito la kazi lilichomoka, likaanguka na kuupasua wavu, na watu 10 wakafa kwa mkupuo mmoja.

Habari hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba kinga ipo, na wale 19 ni shahidi. La pili ni kwamba kila kinga ina mpaka wake. Wavu uliopimwa kwa uzito wa mtu haukuweza kuzuia tani kadhaa za vyuma na mbao. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama kinga imewekwa. Yapasa kuuliza pia kama kinga hiyo yaweza kuubeba mzigo utakaoiangukia.

MKANDA USIOFUNGWA NI PAMBO

Hapa ndipo tunapofika kwenye mkanda wa usalama. Siku hizi katika baadhi ya majengo ya Kampala mafundi huonekana wamevaa kofia ngumu na mikanda. Ni hatua njema. Hata hivyo, mtazamaji makini ataona mara nyingi kwamba kulabu ya mkanda inaning'inia nyuma ya mvaaji kama mkia, haikufungwa popote. Mwingine ameifunga kwenye mti wa mkaratusi wa jukwaa lile lile alilosimamia, mti ulioshikwa kwa misumari na waya. Jukwaa likienda, mti huenda nalo, na mtu naye huenda.

Tuangalie nguvu zinazohusika. Mtu anayeanguka mita 6, yaani kutoka sakafu ya ghorofa ya pili, huchukua sekunde moja na kidogo tu, na hufika chini kwa mwendo unaokaribia kilomita 39 kwa saa. Hana muda wa kujishika. Mwili ulio katika mwendo huo ukisimamishwa ghafla na kamba, uzito wake huongezeka mara nyingi. Kwa sababu hiyo kanuni za Marekani zadai kwamba mahali pa kufungia kamba ya mtu mmoja pawe na uwezo wa kuhimili ratili 5,000, yaani zaidi ya kilo 2,200. Ni wazi kwamba bomba la maji, fremu ya dirisha au mti wa mkaratusi hauwezi kutegemewa kwa kazi hiyo. Panapofaa ni kwenye nguzo au boriti ya zege iliyokwisha kukomaa, au kwenye chuma kilichowekwa na mhandisi kwa shabaha hiyo.

Mkanda wenyewe pia una aina zake. Ule wa kiunoni tu, ambao wengi wameuzoea, haufai kumzuia mtu anayeanguka, kwa kuwa humkata katikati na waweza kuharibu uti wa mgongo na viungo vya ndani. Marekani iliupiga marufuku kwa kazi hiyo tangu Januari 1, 1998. Unaotakiwa ni mkanda wa mwili mzima, upitao mabegani, kifuani na mapajani, ili mshtuko ugawanyike. Kamba yake nayo hupasa kuwa na kipunguza mshtuko, yaani utepe ulioshonwa kwa mikunjo ambao hufumuka pole pole wakati wa kuanguka. Viwango vya Ulaya vyataka kifaa hicho kiushushe mshtuko usizidi kilonyutoni 6, nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 600 hivi.

HESABU YA CHINI

Kuna jambo jingine ambalo hata wasimamizi wenye nia njema hulisahau, nalo ni nafasi iliyo chini ya mfanyakazi. Chukua kamba ya mita 2. Kipunguza mshtuko kikifumuka chaweza kuongeza mita 1.75. Kutoka mgongoni, ambako kamba imeshikiliwa, hadi nyayoni ni mita 1.5 hivi. Ongeza mita 1 ya tahadhari. Jumla ni mita 6.25 kutoka pale kamba ilipofungwa. Basi fundi aliye kwenye sakafu ya ghorofa ya pili, mita 6 juu ya ardhi, akiifunga kamba hiyo miguuni pake, hesabu imekwisha kumpinga: kamba yaweza kumwacha agonge ardhi kabla haijamaliza kazi yake. Akiifunga mita 2 juu ya sakafu, kichwani pake, nafasi huwa mita 8, na hesabu humwokoa. Mtu ni yule yule, mkanda ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali pa kulabu.

Aidha, mahali pa kufungia pasiwe mbali upande wa kushoto au wa kulia. Mtu aliyefungwa pembeni akianguka huyumba kama pembea, akaenda kujigonga kwenye ukuta au nguzo.

Na akiisha kuzuiwa angani, kazi haijakwisha. Mtu anayening'inia kwenye mkanda bila kujongea hukazwa mapajani, damu hukwama miguuni, naye aweza kuzirai katika muda wa dakika chache na hata kufa. Katika msongamano wa magari wa Kampala si busara kuitegemea zimamoto ifike kwa muda huo. Kwa hiyo mpango wa kumshusha, pamoja na ngazi, kamba na watu waliofundishwa, hauna budi kuwapo pale kazini kabla ya mtu wa kwanza kupanda.

NIDHAMU YA UKAGUZI

Katika majeshi ya nchi nyingi askari wa miavuli haruki kwa kujiamini mwenyewe tu. Kabla ya kuingia katika ndege, vifungo vyake vyote hukaguliwa na msimamizi wa mruko, kimoja baada ya kingine, hata kama askari huyo amekwisha kuruka mara mia. Hakuna anayeona kwamba ametukanwa kwa kukaguliwa. Utaratibu huo wajulikana kuwa msingi wa uhai. Mwenye cheo kidogo akikuta kasoro husema, na mruko wake husimama.

Nidhamu ya namna hiyo ndiyo inayotakiwa kwenye majengo. Mkanda huchakazwa na jua, chokaa, saruji, rangi na cheche za kuchomea. Kila asubuhi yafaa mtu mwingine, asiyekuwa mvaaji, apitishe mkono juu ya nyuzi na kushona kwake, atazame kama kuna mkato au sehemu iliyoungua, na ajaribu kulabu kama inajifunga sawasawa. Mkanda au kamba iliyokwisha kumdaka mtu mara moja haitumiwi tena, hata ikionekana nzima. Na maelekezo yatolewe kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, iwe Kiluganda, Kiacholi, Kinyankole au Kiswahili. Karatasi ya Kiingereza iliyobaki ndani ya boksi haimfundishi mtu kitu.

NANI AWAJIBIKE

Kuna desturi ya kumlaumu kibarua. Husemwa kwamba hapendi mkanda, kwamba unamchelewesha, kwamba ni mzembe. Huenda wako walio hivyo. Lakini tumwulize msemaji: kibarua huyo angefunga kulabu wapi, ikiwa hakuna mahali palipotayarishwa? Nani aliyekubali malipo yawe kwa kipimo cha kazi iliyokamilika, hata kila dakika ya kufunga na kufungua kamba ikawa hasara kwa mfanyakazi? Mkanda ni pete ya mwisho katika mnyororo mrefu, na pete nyingine zote zimo mikononi mwa watu walio chini, wenye michoro, fedha na amri. Ndiyo maana kanuni za Uingereza za mwaka 2005 kuhusu kazi za juu zataka kwanza kazi ifanyiwe chini kila inapowezekana. Isipowezekana, mtu azuiwe asianguke, kwa mfano kwa uzio imara ukingoni mwa sakafu au kwa kufunika shimo la lifti. Vifaa vya kumdaka anayeanguka huja baada ya hayo.

Sheria za Uganda hazikunyamaza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 yampa mwajiri jukumu la kulinda usalama wa wafanyakazi wake na kuwapatia vifaa vya kujikinga pasipo kuwatoza. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 yaeleza kwamba mfanyakazi akifa kutokana na kazi na kuacha watu waliomtegemea, fidia ni mapato yake ya miezi 60. Tufanye hesabu ya mfano. Kibarua alipwaye shilingi 20,000 kwa siku, kwa siku 26 za mwezi, hupata shilingi 520,000. Miezi 60 ni shilingi milioni 31.2. Bei ya mkanda kamili pamoja na kamba yake ni sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Ikiwa bado wako wanaoona kwamba mkanda ni ghali, yawezekana ni kwa sababu fidia hiyo hawaitarajii kuilipa. Kibarua asiye na mkataba wa maandishi, ambaye jina lake halimo katika daftari lolote, huwaachia wajane na yatima kazi ngumu ya kuthibitisha hata kwamba aliajiriwa. Basi daftari la majina nalo ni kifaa cha usalama, kwani mwajiri ajuaye kwamba atalipa ndiye atakayenunua mkanda.

Wakaguzi wa serikali wana sehemu yao, lakini hawawezi kusimama katika kila jengo kila asubuhi. Mwenye jengo, mhandisi na msimamizi wapo kila siku. Kabla mtu hajauacha udongo, wao watatu wajiulize maswali manne: kazi hii haiwezi kufanyiwa chini? Ukingo umezungushiwa uzio? Kulabu itafungwa wapi, na pana nguvu gani? Akining'inia, nani atamshusha, na kwa muda gani? Majibu yote manne yakipatikana, fundi na apande akajenge jiji. Jibu moja likikosekana, amri iwe fupi: hakuna kupanda.