Usalama wa saiti sio kazi ya shemeji: kijana, andika CV yako

Vijana wenzangu, nianze na swali. Hivi ni wangapi kati yetu tumepita saiti? Najua ni wengi. Tumebeba zege, tumekunja nondo, tumelipwa jioni, na kesho yake saa kumi na mbili asubuhi tuko tena getini tunasubiri foremani anyooshe kidole: wewe, wewe na wewe.

Mimi pia nimepita huko. Mwaka 2019 nilikuwa saidia fundi kwenye ghorofa moja hapa Dar. Siku moja mbao ya jukwaa ikakatika, jamaa yetu akaanguka kutoka ghorofa ya pili, akavunjika mguu. Akapewa elfu hamsini, akaambiwa akapumzike nyumbani. Mchana kazi ikaendelea kama kawaida. Kumbe nchi hii ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri ndiye anauchangia na mfanyakazi hakatwi hata shilingi. Nani alituambia? Hakuna. Na pale saiti afisa usalama alikuwepo! Kazi yake ilikuwa kugawa helmeti siku ambayo wageni wanakuja. Tuliambiwa ni shemeji wa mtu.

Hapo ndo hoja yangu ilipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu mwaka 2003, na OSHA ipo kuisimamia. Sheria hiyo inamtaka mwajiri alinde watu wake, na inataka wawepo wawakilishi wa usalama wa wafanyakazi. Lakini Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa 16 lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024, jengo lingine likaporomoka Kariakoo, wafanyabiashara wakiwa ndani, tukazika tena. Sisemi afisa usalama mmoja angezuia yote hayo. Jengo huanguka kwa makosa ya wengi. Ninachosema ni kwamba kila saiti inahitaji mtu mwenye ujuzi na ubavu wa kusema "simamisha kazi", na mtu aliyeingia kwa kubebwa hawezi kumwambia hivyo aliyembeba.

Sasa tuambizane ukweli na sisi wenyewe. Nafasi za usalama zikitangazwa, tunaziomba vibaya. Nimeona CV za washkaji zimepigwa steshenari, ukurasa mzima: dini, kabila, hali ya ndoa, shule ya msingi, halafu "mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Miaka mitatu ya saiti imefupishwa kuwa mstari mmoja: "kibarua". Yaani kitu pekee ambacho mtoto wa bosi hana, wewe umekificha!

Iandike. Usiandike "nilifanya kazi saiti". Andika: "Saidia fundi, jengo la ghorofa tano, miezi minane. Nilikagua jukwaa kila asubuhi kabla mafundi hawajapanda. Niliweka uzio kwenye mashimo. Niliwaelekeza vibarua wapya kuvaa mkanda wa usalama." Kama ulifanya, andika uliwaelekeza wangapi na kwa muda gani. Kama hukufanya, usiandike. Kwenye kazi hii uongo wa karatasi unakuja kuua mtu.

Vyeti viwe karibu na juu: mafunzo ya usalama ya OSHA, huduma ya kwanza, cheti cha VETA, leseni kama unayo. Huna cheti cha usalama? Basi hilo ndo deni lako la kwanza, anza kukusanya ada kidogo kidogo. Kurasa mbili zinatosha. Soma tangazo mara mbili. Wakitaja ukaguzi, kuandika ripoti za ajali au kuendesha kikao cha usalama cha asubuhi, onyesha wapi umewahi kufanya kitu cha namna hiyo. Tangazo likija kwa Kiingereza, jibu kwa Kiingereza, na mpe mtu anayekijua akusomee kabla hujatuma. Wadhamini wawe watu waliokuona kazini, foremani au injinia, sio mjumbe wa mtaa tu. Wapigie kwanza uwaambie umeandika majina yao. Na namba yako ya simu iwe inayopatikana, jamani.

Lakini CV peke yake haivunji mlango uliofungwa kwa ndani. Ndiyo maana hii ni siasa, sio somo la ajira tu. Kila siku tunaambiwa tujiajiri. Sawa, na hizi ajira ambazo sheria yenyewe inazihitaji ziko wapi? Tudai nafasi za usalama zitangazwe wazi kwenye kila mradi unaojengwa kwa kodi zetu. Tudai ukaguzi ufike mpaka kwenye maghorofa ya uchochoroni. Tudai mafunzo ya usalama yawe kwa ada ambayo saidia fundi anaimudu. Na tudai afisa anayesimamisha kazi ya hatari alindwe, asifukuzwe jioni ile ile.

Jamaa yetu wa 2019 mpaka leo anachechemea. Juzi nilikaa naye tukaandika CV yake upya. Alipofika kwenye uzoefu akaniuliza, "Sasa niandike nini, wakati mimi nilianguka tu?" Nikamwambia aandike miaka minne ya kupanda majukwaa kabla ya siku ile. Anayajua majukwaa kuliko yule shemeji.

Wiki hii kaa na mwenzako mmoja wa kitaa, muandike ya kwake. Halafu tukutane kwenye kudai.