“Si yeye tena”: je, ni kweli?

Huku kwetu Lulimba kuna neno moja lililoenea, nami naliona baya kuliko tusi. Neno lenyewe ni hili: “Yule si yeye tena.” Linasemwa sokoni, linasemwa mtoni, na hata mlangoni pa kanisa nimelisikia, watu wakitoka Misa. Husemwa juu ya mtu aliyeharibika akili kwa ugonjwa au kwa jeraha la kichwa.

Sikieni kisa kimoja. Mtu mmoja, ambaye sitamtaja jina, alikuwa akibeba abiria kwa pikipiki kwenye barabara ya Misisi. Alikuwa mpole, mwenye kutaniana na watoto, na pato lake alilileta nyumbani. Siku moja akaanguka, bila kofia ngumu kichwani, akalala siku nyingi hana fahamu. Mifupa yake ilipona, lakini alipoamka tabia ilikuwa imegeuka. Anakasirika kwa jambo dogo, anamtukana mama yake mzazi, na jioni amesahau aliyoambiwa asubuhi. Mkewe akanijia akilia: “Mwalimu, watu wananiambia mume wangu alikufa palepale barabarani, na huyu ninayempikia ni mwingine. Basi mimi nimefungwa kwa ndoa gani?”

Nilitaka kumjibu upesi, nikashindwa. Sababu ni kwamba mimi mwenyewe, miaka mingi, nimewafundisha wakatekumeni kuwa mwili ni motokari na roho ni dereva. Mfano huo ni mwepesi, watoto wanaupenda, nao una kosa kubwa. Maana motokari ikivunjika, dereva hushuka mzima, akajifuta vumbi, akaenda zake kwa miguu. Na motokari ikianza kwenda ovyo, watu husema kwa haki kwamba aliyeshika usukani ni mwingine. Tazameni basi mbegu niliyoipanda! Watu walipomwona yule ndugu amegeuka, walitumia fundisho langu tu.

Wengine wakasema dereva mpya ni pepo, wakamshauri mama ampeleke mumewe kwenye chumba cha maombi, afungwe kamba na kunyimwa chakula mpaka pepo atoke. Vijana waliosoma wakawacheka. Wao wanasema dereva hakuwapo tangu mwanzo: mtu ni ubongo wake tu, ubongo ukigeuka, mtu yule amekwisha. Makundi haya mawili yanadharauliana, lakini yanakunywa katika kibuyu kimoja. Mwisho wa maneno yao ni uleule: mama, huyo si mumeo.

Nianze na vijana, maana wana ushahidi, na si vema kuupuuza. Mmoja wao aliniletea habari ya Phineas Gage. Mwezi wa Septemba 1848, huko Marekani, Gage alikuwa msimamizi wa wajenzi wa reli. Alikuwa akishindilia baruti katika mwamba, ikalipuka, na mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita moja ukamwingia shavuni ukatokea juu ya kichwa. Hakufa. Lakini daktari wake, Harlow, aliandika kwamba alikuwa mtu wa kutukana na asiyetulia, hata rafiki zake wakasema hakuwa Gage tena. Ni neno letu lilelile la Lulimba!

Habari hii ni ya kweli. Ila wanaoisimulia mara nyingi huacha nusu yake ya pili. Mwaka wa 1852 Gage alikwenda Chile, akafanya kazi miaka mingi ya kuendesha magari ya abiria yavutwayo na farasi, kazi itakayo macho, subira na kumbukumbu ya njia. Afya ilipomwishia, alirudi kwa mama yake huko San Francisco, na mama akampokea. Alikufa mwaka wa 1860. Basi wale rafiki waliosema hakuwa Gage tena walitoa hukumu mapema mno.

Tena nawauliza vijana: kujifunza kwenyewe hugeuza ubongo, nanyi mwajua hivyo. Ubongo wa mtoto aliyeingia darasa la kwanza si sawa na ubongo wa kijana aliyepokea diploma. Kama ubongo uliogeuka ni mtu mwingine, basi diploma ile ni ya nani? Bado sijamwona hata mmoja aliyeirudisha shuleni kwa sababu hiyo.

Mtasema: hapana, mtu ni kumbukumbu yake. Haya, mtazameni Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka wa 1953 ili aponywe kifafa. Tangu siku ile hakuweza kushika jambo jipya, hata alipofariki mwaka wa 2008. Walimfundisha kuchora nyota huku akitazama katika kioo: siku kwa siku mkono wake ulizidi kuwa hodari, naye kila siku alidhani ndiyo mara ya kwanza. Nani alikuwa hodari? Nani alikuwa amesahau? Ni yeye Henry. Huwezi kusema “amesahau” pasipo kuwako mmoja aliyejua kwanza na ambaye sasa hajui.

Najua kwamba maneno haya hayatoshi kuthibitisha roho. Yanatosha kulivunja lile neno, nami leo sitafuti zaidi.

Sasa nigeukie wenye vyumba vya maombi. Mtanitajia Injili ya Marko, sura ya 9, yule mtoto aliyetupwa motoni na majini. Isomeni tena polepole. Baba yake anamwita mwanangu. Bwana Yezu anamwuliza baba tangu lini mambo haya yalianza, kama mtu atakaye kumjua mgonjwa. Kisha anamshika mtoto mkono na kumwinua, watu wakiwa wamekwisha kusema amekufa. Ni wapi hapo alipofungwa kamba? Ni wapi aliponyimwa chakula? Na Kanisa, katika Sheria yake ya 1983, kanuni ya 1172, linakataza mtu yeyote kufukuza pepo kwa mwenye kupagawa bila ruhusa ya wazi ya Askofu. Je, wenye kamba wamemwomba Askofu?

Wakati ninyi mnabishana na pepo, ugonjwa haungojei. Katika malaria kali vijidudu hufanya chembe nyekundu za damu zinate ndani ya mishipa myembamba ya ubongo. Mtoto hutetemeka, hukakamaa, hupoteza fahamu. Wenzetu wa Tanzania wanauita ugonjwa huo degedege, na huko pia wengi wamedhani ni shetani. Dawa ni sindano ya artesunati mapema, wala si kelele. Mwenye kifafa naye ana vidonge vyake vya kila siku. Na vikongwe wanaosahau njia ya nyumbani na kutangatanga usiku? Mwaka wa 2021, katika jimbo letu hili la Kivu Kusini, upande wa Kabare, Kalehe na Walungu, wanawake waliuawa kwa kusingiziwa uchawi. Neno “si yeye tena” linapoanza kusemwa juu ya kikongwe, kiberiti hakiko mbali.

Kanisa halikufundisha kamwe mfano wangu wa dereva. Mtaguso wa Vienne, mwaka wa 1312, ulitamka kwamba roho ni umbo la mwili, kama alivyokwisha kueleza Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Maana yake roho si mpangaji ndani ya nyumba. Roho ndiyo inayoufanya mwili huu uwe mtu huyu, mzima au mgonjwa. Kwa hiyo ubongo ukiumia, hakuumia mwingine: ameumia yeye mwenyewe. Hasira imemshika yeye, usahaulifu umemwangukia yeye, kama vile upofu ungemwangukia yeye. Na alipolala bila fahamu Padri alimpaka mafuta ya wagonjwa usoni na mikononi, jinsi kanuni ya 1006 inavyoagiza kwa mgonjwa aliyeyaomba, walau kwa namna isiyo wazi, alipokuwa na akili zake. Ikiwa yeye alikuwa amekwisha kuondoka, Padri alimpaka nani?

Nilipomweleza yule mama hayo yote, hakufurahi. Akaniuliza: “Basi, mwalimu, ni yeye anayenitukana?” Swali hilo ni gumu kuliko yote ya vijana. Nikamjibu kwamba ni yeye, lakini dhambi inataka kujua na kutaka, na jeraha limempunguzia yote mawili. Asilipime tusi la leo kwa mizani ya zamani. Nikamwambia pia kwamba hakuna sheria ya Mungu inayomtaka aubebe mzigo huu peke yake. Akinyanyua mkono kumpiga, mama aende kwao na watoto, na ukoo wa mume umtunze mgonjwa.

Ukoo nao nimeufuata. Wameniambia lilelile, kwamba si yeye tena. Lakini kabla ya kuanguka alikuwa amekopa mbuzi kwa jirani, naye mgonjwa hakumbuki deni hilo hata kidogo. Jirani hakuona shaka yoyote kwamba mdaiwa ni yuleyule. Huja, huketi barazani, husema, “Shemeji, nimemfuata mwenyewe.” Basi kwa mbuzi ni yeye, kwa uji si yeye.

Ana ndugu wanne wa tumbo moja hapa hapa Lulimba. Tangu alipoanguka amefika mmoja, mara moja. Mwenye mbuzi amefika mara tano.