Acheni Kumpima Mama Huyu Imani



Somo letu leo ni 2 Wafalme 4:18-37. Fungua Biblia yako usome mwenyewe kabla hujaendelea, kwa sababu leo sitaki uniamini mimi tu.

Wengi wenu mmezoea asubuhi kupata neno la kutia moyo hapa. Leo nina neno la kukemea, na ninakemea nyumbani mwetu.

Kuna dada katika ushirika wetu ambaye mtoto wake ana miezi minne. Sitamtaja, na wewe unayemjua usimtaje kwenye maoni. Mtoto alikuwa hanyonyi vizuri. Ananyonya kidogo, anachoka, jasho linamtoka kichwani kama mtu aliyetoka kulima, kisha analala kabla hajashiba. Kliniki walipompima, uzito ulikuwa haupandi. Hata usingizini alipumua haraka haraka. Wakatumwa hospitali kubwa, moyo ukapigwa picha, na mama akaambiwa kuna tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo, tena tundu kubwa. Akapewa dawa na tarehe ya kurudi ili apangiwe upasuaji.

Jumapili iliyofuata alikuja ibadani akitafuta mahali pa kulia. Sasa sikilizeni tulichompa.

Wa kwanza alimvuta kando akamwuliza kama ametubu dhambi zote za kabla ya ndoa. Wa pili alimwambia ni madhabahu ya ukoo, upande wa nyanya yake mume. Wa tatu alimwandikia usiku kwamba akikubali mtoto apasuliwe, ameweka sahihi kwenye mkataba na mauti. Wa nne si wa kanisa letu, lakini nambari yake mlimpa ninyi. Huyo alitaka shilingi 10,000 kwa M-Pesa, akaiita mbegu ya moyo mpya. Mama alituma 3,000. Zilikuwa nauli ya kliniki.

Jumatano alikuja ofisini kwangu na mtoto mgongoni. Aliuliza swali moja tu: "Pasta, nikimpa mtoto dawa, nimemkosea Mungu?"

Alikuwa ameziacha siku tatu.

Nilimtazama yule mtoto. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Hatukuomba kwa muda mrefu. Tuliomba tukitembea kwenda kwenye gari. Namshukuru Mungu, amerudishwa kwenye dawa, anapumua vizuri kidogo, na bado anasubiri upasuaji. Lakini mpendwa, kama mama huyu angekuja Ijumaa badala ya Jumatano, labda leo ningekuwa naandika tangazo la mazishi. Na mikono yetu ingekuwa na damu huku tukiimba sifa.

Sasa nijibu hoja zenu moja moja, maana najua mnazo.

Mnasema, "Mwanamke Mshunami alisema mambo ni salama ingawa mtoto alikuwa amekufa. Na huyu akiri hivyo hivyo." Mnasoma aya ya 26 kisha mnafunga Biblia. Someni aya ya 27. Alipofika kwa Elisha alianguka akamshika miguu, na Gehazi akaja kumsukuma. Nabii akamzuia Gehazi. Alisema mwanamke huyu ana uchungu mwingi moyoni, na kwamba Bwana alikuwa hajamfunulia jambo lenyewe.

Umeona hapo? Nabii mwenye upako maradufu alikubali mbele ya mtumishi wake kwamba hajaambiwa. Lakini wewe, kwa dakika tano nje ya mlango wa kanisa, umeshajua dhambi, umeshajua ukoo, umeshajua na nyanya. Ulipata wapi ufunuo ambao Elisha alikosa?

Tena tazama ile fimbo. Gehazi alitangulizwa nayo, akaiweka juu ya uso wa mtoto, na hakukuwa na sauti wala dalili ya uhai. Uzima ulirudi pale Elisha alipokuja mwenyewe, akafunga mlango, akaomba, akajilaza juu ya mtoto mpaka mwili wa mtoto ukapata joto. Ndugu yangu, ujumbe wako wa WhatsApp wenye mikono ya maombi na miali ya moto ni fimbo ya Gehazi. Umeituma ukabaki nyumbani. Mama yule anakuhitaji uje.

Mnasema, "Lazima kuna dhambi." Wanafunzi wa Yesu waliuliza hivyo katika Yohana 9 kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, na Bwana akawajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Utaniletea habari ya Daudi na mtoto aliyekufa. Sawa, lakini Nathani alitumwa na Bwana, tena kwa mfalme aliyekuwa ameua mtu na kuchukua mke wake. Wewe ulitumwa na nani kwa binti huyu?

Na hebu tuseme yanayojulikana. Moyo wa mtoto huumbika katika wiki nane za kwanza za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua vizuri kwamba ni mjamzito. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa, karibu mmoja huwa na kasoro ya moyo, kwa matajiri na kwa maskini, kwa waliookoka na kwa wasiookoka. Ziko sababu zinazofahamika, kama ugonjwa wa rubela kwa mama mapema katika mimba, kisukari kisichodhibitiwa, au pombe. Lakini kwa watoto wengi madaktari hawapati sababu hata moja. Kwa hiyo acha kumwuliza mama aligombana na nani, alikula nini au alimpita nani njiani bila kumsalimia. Unampa mzigo ambao Mungu hakumpa.

Mnasema, "Mtoto wa fulani alikuwa na tundu, tukaomba, likafungika bila kisu." Haleluya, nami nasema Amina. Lakini jifunze kwamba matundu madogo mengi hujifunga yenyewe mtoto anavyokua. Ndiyo maana daktari wakati mwingine husema tungoje huku tukipima. Mungu ndiye aliyeumba mwili unaojifunga hivyo, basi apewe sifa. Ila ushuhuda wa tundu dogo usiugeuze kuwa sheria ya kumhukumu mwenye tundu kubwa. Tundu kubwa halina subira. Damu inapita kwa nguvu kwenda mapafuni, usiku na mchana, na mishipa ya mapafu inaanza kuwa migumu. Ikishakuwa migumu kabisa, madaktari hawawezi tena kuliziba tundu, kwa sababu kuliziba kutamwumiza mtoto zaidi. Upo wakati, na wakati huo hupita. Mhubiri mwenyewe ametufundisha kwamba kila jambo lina majira yake.

Mnasema, "Mfalme Asa alikufa kwa kutafuta waganga." Someni vizuri 2 Mambo ya Nyakati 16. Kosa la Asa ni kwamba hata katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana. Alikuwa ameshamtegemea mfalme wa Shamu badala ya Mungu, na mwonaji alipomwonya akamfunga gerezani. Mama huyu hajamfunga mwonaji. Mama huyu alikesha nasi Ijumaa zote mbili akiwa na mtoto kifuani. Hezekia alipewa ahadi na nabii kwamba atapona, na nabii huyo huyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Paulo aliyewaponya wengine alimwagiza Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na Luka, aliyetuandikia Injili na Matendo, alikuwa tabibu mpendwa. Hakuna mahali Paulo alimwambia atupe dawa zake ndipo asafiri naye.

Mwaka 1944 huko Baltimore, Marekani, watoto waliozaliwa na moyo wenye kasoro na midomo ya buluu walianza kupata njia. Daktari Helen Taussig alileta wazo, daktari Alfred Blalock akashika kisu, na nyuma yake juu ya kigoda alisimama Vivien Thomas akimwelekeza. Thomas alikuwa mtu mweusi asiye na shahada ya udaktari, aliyewahi kuwa seremala, na ndiye aliyekuwa ameifanyia kazi njia ile maabarani. Mikono ya seremala, wapendwa! Sisi tunaomwabudu Bwana aliyefanya useremala Nazareti, tutasema mikono kama hiyo ni ya adui?

Mimi ni Mpentekoste. Ninaweka mikono juu ya wagonjwa na nimeona watu wakiinuka. Sitaacha kuomba na sitakuomba uache. Lakini sitakubali imani iwe rungu la kumpigia mama.

Na sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Nikiwa kijana katika huduma, wazazi wawili walinijia na binti yao mchanga. Alikuwa na tundu kama hili. Niliwaambia kwamba kwenda kwenye upasuaji ni kuipokea ripoti ya adui. Nilikuwa na sauti kubwa, na waliniamini. Waliacha kliniki. Mtoto akaongezeka uzito kidogo, nikatoa ushuhuda madhabahuni. Waliporudi hospitalini alikuwa na miaka mitano, na daktari akawaambia mapafu yameshaharibika na tundu haliwezi kuzibwa tena.

Binti yule alikaa viti vya mbele kanisani kwa miaka mingi, kwa sababu hakuweza kupanda ngazi kwenda kwa vijana wenzake. Ncha za vidole vyake zilikuwa za buluu. Alipenda kuimba, lakini aliimba akiwa ameketi. Alitutoka akiwa na miaka 15, na mimi ndiye niliyehubiri mazishi. Mama yake hakunilaumu. Alinishika mkono akaniambia, "Asante kwa kuja, Pasta." Maneno hayo nimelala nayo miaka yote hii.

Nimetubu kwa Mungu na nimetubu kwao. Lakini siwezi kunyamaza nikiona mnarudia kosa langu mkiliita ujasiri wa imani. Ile haikuwa imani. Yalikuwa majivuno yangu, na aliyeyalipia alikuwa mtoto wa mtu mwingine.

Basi imani ni nini? Soma Marko 2. Mtu aliyepooza alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari, na imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao. Iliwezaje kuonekana? Ilikuwa na mabega, ilikuwa na kamba, iliacha shimo kwenye dari. Mtoto wa miezi minne hawezi kuamini chochote. Na mama yake, baada ya majuma ya kutolala, huenda leo amebaki na imani ya kujaza kijiko tu. Hapo ndipo tunapoitwa sisi kushika pembe za mkeka.

Pembe ya kwanza ni maombi. Omba na mama, usimwombee kwa maneno ya kumshambulia. Pembe ya pili ni pesa. Msaidie kuhakikisha michango yake ya SHA imelipwa, na uchangie yale ambayo haitalipa, na nauli, na chakula cha anayelala hospitalini. Pembe ya tatu ni damu. Upasuaji wa moyo huhitaji damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Wewe unayeimba kuhusu damu ya Yesu, nyoosha mkono utoe yako. Pembe ya nne ni nyumba. Ana watoto wengine wawili. Nani atawachukua shuleni? Nani atawapikia ugali?

Kama huwezi kushika pembe hata moja, fanya kama rafiki zake Ayubu. Walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na zile ndizo siku walizofanya vizuri. Matatizo yalianza walipofungua vinywa.

Na wewe mama unayesoma haya, yeye au mwingine mwenye mtoto kama huyu, nisikilize mimi mchungaji wako.

Hujamkosea Mungu. Mpe mtoto dawa kwa saa yake, na unapompa, omba. Usikose tarehe ya kliniki. Ukiona hawezi kunyonya, anahema sana, au midomo inakuwa ya buluu, usingoje mkesha uishe, kimbia hospitali na unipigie simu ukiwa njiani. Ukiogopa, ogopa mbele za Mungu. Yule baba wa Marko 9 alimwambia Yesu anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Bwana hakumrudisha nyumbani akakamilishe imani kwanza. Alimponya mtoto.

Siwezi kukuahidi mwisho wa jambo hili. Wale vijana watatu katika Danieli 3 walijua Mungu anaweza, na wakasema hata asipofanya, hawataiinamia sanamu. Imani ya namna hiyo haijui kesho itakuwaje, lakini inajua ni nani aliye ndani ya tanuru pamoja nasi. Siku ya upasuaji nitakuwa kwenye benchi nje ya chumba kile. Sitakuja na fimbo.

Na wewe uliyemwandikia usiku ule, najua unasoma. Sikutaji. Mpigie simu leo, umwombe msamaha. Na zile 3,000, kanisa limezirudisha, kwa sababu aliyezichukua hapokei simu tena.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa kumjeruhi aliyekuwa tayari amejeruhiwa. Mtazame mtoto huyu uliyemfuma tumboni, unaijua kila chemba ya moyo wake. Ongoza mikono ya madaktari. Mpe mama usingizi usiku wa leo. Nasi utupe mabega, na unapotuona tunataka kusema neno la kipumbavu, utufunge midomo. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Ukisoma, usiandike Amina tu ukapita. Andika ni pembe gani utaishika.

Ni mimi mchungaji wenu, ninayewapenda.