Pampu Mpya, Lakini Upepo Umebaki

Akina mama wapendwa, mwezi huu tunaacha kidogo habari za jikoni na malezi, tuingie chini ya boneti. Msicheke! Siku hizi mama ndiye apelekaye watoto shule, aendaye sokoni na kliniki, na gari likigoma njiani ndiye asimamaye juani na watoto. Kisha fundi huja, akataja ugonjwa, akataja na bei, nasi tukafungua pochi kwa sababu hatujui la kuuliza. Yaliyotupata sisi Januari yametufundisha maswali matatu. Tungependa muyajue kabla hayajawafika.

Gari letu ni la haibridi, yaani lina injini ya petroli na pia mota za umeme, na vyote viwili husaidiana kulisukuma. Gari la kwanza la aina hii kutengenezwa na kuuzwa kwa wingi ni Toyota Prius, lililoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 1997. Leo magari ya namna hii yaliyokwisha kutumika Japani yamejaa katika barabara zetu, kwa kuwa hunywa mafuta kidogo. Lakini yana jambo ambalo magari ya baba zetu hayakuwa nalo.

Gari la kawaida lina maji ya kupoza injini tu. La haibridi mara nyingi lina njia mbili za maji. Moja hupoza injini. Ya pili hupoza inveta, yaani lile sanduku linalogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota. Kila njia ina tangi lake dogo, na ile ya inveta husukumwa na pampu ndogo ya umeme isiyo na mkanda wala kelele kubwa. Pampu hiyo ikichoka, inveta hupata joto, taa nyekundu ya pembetatu huwaka, na gari hujipunguzia nguvu lenyewe ili lisiungue.

Safari ya Kitonga

Pampu yetu ilichoka kwa uzee. Fundi mmoja wa Morogoro akaweka mpya, akajaza maji, akafunga, tukalipa. Siku nne tulizunguka mjini bila tatizo. Siku ya tano tukaondoka alfajiri kumpeleka binti yetu shule ya bweni Iringa, godoro juu ya gari, ndoo na sanduku nyuma, na ada ya muhula ndani ya kitambaa.

Tulipita Mikumi salama, tukapita Ruaha Mbuyuni penye vitunguu. Tulipoanza kuupanda mlima Kitonga, kwenye kona ya tatu, ile pembetatu ikawaka tena. Gari likaishiwa nguvu kama mtu aliyekata pumzi. Nyuma yetu malori yalikuwa yanapiga honi, na upande mmoja ni bonde. Baba watoto alilisogeza pembeni, tukaweka matawi barabarani, tukasubiri lipoe. Lilipopoa tuliligeuza kwa uangalifu, tukarudi polepole hadi Ruaha Mbuyuni.

Tukampigia simu yule fundi. Hakusita hata kidogo. "Mama, pampu nimeweka mpya kabisa. Basi hapo inveta imekufa. Nitawatafutia iliyotumika, ni milioni mbili na kitu."

Fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa ni ile ya kitambaani. Binti yetu alisikia yote. Akasema taratibu, "Mama, mimi naweza kurudi nyumbani, nitasoma muhula ujao." Neno hilo lilituchoma kuliko jua. Tukakataa kutoa uamuzi siku hiyo. Tulipanda basi na binti hadi Iringa, akaripoti shuleni, ada ikalipwa. Baba watoto akabaki kulinda gari.

Mzee na mpira mwembamba

Kesho yake tulishuka kutoka Iringa na fundi mzee tuliyeelekezwa. Hakuja na inveta. Alikuja na mpira mwembamba wa plastiki, chupa tupu na dumu la maji ya rejeta ya rangi ya waridi. Aliuliza, "Alipoweka pampu, alitoa upepo?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua.

Gari lilikuwa limepoa usiku kucha. Alifungua kifuniko cha tangi dogo la inveta, akawasha umeme wa gari bila kuliwasha gari lenyewe, akatuita tuchungulie. "Mnaona maji yanatembea?" Yalikuwa yametulia kama ya mtungini. Pampu ilikuwa inazunguka, tuliisikia ikivuma, lakini maji hayakwenda popote.

Sisi akina mama tunalijua jambo hili bila kwenda shule ya ufundi. Mtoto akinyonya huku anameza upepo, maziwa yapo tumboni lakini hatulii, mpaka umweke begani, umpigepige mgongoni, acheue. Pampu nayo ni hivyo hivyo. Mabapa yake yametengenezwa kusukuma maji. Wakati wa kubadilisha pampu, maji humwagwa na upepo huingia mipirani. Ukijaza tena kwa haraka, upepo hunaswa, hasa pale mpira unapopanda juu, na kama ukikaa ndani ya pampu, mabapa huzunguka bure. Upepo haubebi joto kama maji. Mjini, kwa safari fupi, maji machache yaliyopenya yalitosha. Mlimani, mota zinapofanya kazi nzito, hayakutosha.

Jinsi upepo unavyotolewa

Mzee alifanya hivi, nasi tuliandika kila hatua. Alivisha mpira mwembamba kwenye kiparafujo cha kutolea upepo kilicho juu ya rejeta, na ncha ya pili akaitia ndani ya chupa. Akalegeza kiparafujo. Akajaza tangi polepole mpaka maji yakaanza kutoka kwenye mpira. Ndipo akawasha umeme ili pampu izunguke. Chupani tukaona povu, kisha maji, kisha povu tena. Kila tangi liliposhuka alilijaza, maana likikauka pampu huvuta upepo mpya na kazi huanza upya. Mara akazima, akangoja kidogo, akawasha. Mara akaminyaminya mipira kwa mkono.

Baadaye mvumo wa pampu ukabadilika, ukawa mwororo. Maji ndani ya tangi yakaanza kuzunguka kama uji unaokorogwa. Povu likaisha chupani. Akakaza kiparafujo, akajaza hadi alama, akafunga. Hatukuzidi saa moja. Inveta "iliyokufa" ikaupanda Kitonga siku ile ile, na inafanya kazi mpaka leo tunapoandika.

Hatusemi kila gari hufanyiwa vivyo hivyo. Mengine hayana kiparafujo hicho, na mengine huhitaji kompyuta ya fundi kuiamuru pampu izunguke. Upande wa injini nao una kazi yake: upepo ukibaki huko, kipimo cha joto chaweza kukaa penye upepo badala ya maji, kikadanganya, huku injini inaungua. Tena magari mengi ya haibridi hayana mshale wa joto, yana taa tu. Kwa hiyo usiahirishe: taa ikiwaka, simama mahali salama na uzime.

Hadhari kwa mwenye watoto

Hapa tunaomba msome mara mbili.

Maji ya rejeta si maji. Mengi yana ethilini glikoli, nayo ni sumu yenye ladha tamu. Mtoto akiyaonja atataka tena, na hata kidogo chaweza kuharibu figo au kuua. Yaliyotoka chupani yasiachwe uani, wala yasiwekwe katika chupa ya soda. Yaliyomwagika yaoshwe, maana hata mbwa na paka huyaramba. Mtoto akinywa, mkimbize hospitali mara moja pamoja na dumu lenyewe, usingoje aanze kuumwa.

Usifungue kifuniko cha rejeta gari likiwa na moto. Maji yale yamebanwa, hulipuka na kubabua uso.

Gari la haibridi likiwa kimya, usidhani limezimwa. Taa yenye neno READY ikiwaka, injini yaweza kujiwasha yenyewe wakati wowote, mkono wa mtu ukiwa ndani ya boneti. Na ikijiwasha ndani ya banda lililofungwa, hujaza hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Zima, kisha uweke ufunguo mbali na gari na mbali na watoto.

Nyaya nene za rangi ya machungwa zisiguswe kamwe. Umeme wake katika magari mengi huzidi volti 200.

Maswali matatu

Basi pampu ya gari lako ikibadilishwa, usiondoke gereji kabla ya kuuliza haya. La kwanza: "Fundi, umetoa upepo? Nionyeshe maji yanavyozunguka kwenye tangi." La pili: "Umeweka maji gani?" Yawe yale yanayotajwa na watengenezaji wa gari, si ya bomba, ambayo huacha ukoko na kutu. La tatu: "Twende tukalijaribu mlimani, kisha tuangalie tena tangi likipoa." Maji yakiwa yameshuka, upepo uliokuwa umejificha umetoka, au kuna mahali panavuja.

Na kabla hujakubali kununua kitu cha mamilioni, mwombe fundi wa pili aanze na kile cha bei ndogo. Yule wa kwanza hakuwa mwizi. Tulipomrudia na kumweleza, aliinamisha kichwa, akaomba aonyeshwe namna ya kufanya. Alikuwa amejifunzia magari yenye pampu ya mkanda, na hakuna aliyewahi kumfundisha haya mengine. Sasa ana mpira wake mwembamba, umetundikwa ukutani gerejini.

Binti yetu ameandika barua. Anasema godoro lilifika na harufu ya vitunguu, lakini analala vizuri.

Mpaka mwezi ujao, akina mama, safari njema.